Biashara ya Sebuleni: Iko Wapi Ridhaa ya Mgeni?

Wazee wetu walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau tungeishika methali hii bila ya kuitia akilini, tungewadhulumu mama wengi wa mwambao wetu wanaobeba furushi la leso na madera na kulizungusha mlango kwa mlango, Kisauni na Likoni, Malindi na Ukunda. Bidhaa zao ni nzuri. Zinajitembeza kwa kuwa wenyewe hawana kodi ya duka. Mama huyo akipiga hodi, mwenye nyumba aweza kumwambia kuwa leo hana kitu, naye akashukuru, akajitwika furushi lake na kwenda zake. Hakuna aliyevunjiwa uso.

Jambo tunalotaka kulizungumza wiki hii lafanana na hilo kwa mbali, lakini silo. Ni biashara ambayo mnunuzi ndiye anayealikwa. Jamaa, majirani na marafiki huitwa chai nyumbani kwa mwenzao baada ya alasiri. Wakifika hukuta vyombo vya plastiki, sufuria, marashi, vipodozi au vidonge vya afya vimepangwa juu ya zulia. Muuzaji husimama akaeleza sifa za kila kimoja. Kisha huja mahamri na kaimati, na baada ya vitafunio hupitishwa karatasi mkono kwa mkono, kila mmoja aandike jina lake na kitu alichokichagua. Mama mwenye nyumba naye hupata zawadi kulingana na mauzo ya siku ile.

Hatusemi kuwa mkutano huo ni uovu. Wengi wanaouandaa ni wanawake wema wanaotafuta riziki ya watoto wao. Lakini swali moja limekuwa likitujia kutoka kwa akina mama, mara nyingi kwa sauti ya chini: yule aliyeandika jina lake kwenye karatasi ile, je, aliridhika kununua, au aliona haya kukataa? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwani uhalali wa biashara katika dini yetu umejengwa juu ya jibu lake.

Mwanamke na chumo lake

Kwanza tuondoe shaka moja. Mwanamke wa Kiislamu kufanya biashara si jambo la kuombewa radhi. Mama wa Waumini, Bi Khadija binti Khuwaylid, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa tajiri wa biashara mjini Makka, na misafara yake ilifika Sham. Mali ya mwanamke ni yake. Mume hana haki ya kuichukua bila ya ridhaa yake.

Mwambao wetu nao haukukosa mfano. Hata zama za utawa, wanawake waliokuwa hawatoki mchana walikuwa na chumo lao. Walishona kofia za vito, walipika vitumbua na mikate ya kuuzwa, na mali yao ilifika sokoni kwa mikono ya watu wengine. Mpaka hii leo, viazi karai vinavyouzwa kibarazani, achari za embe, mabuyu, udi na uturi hulipa karo za shule na kodi za nyumba nyingi. Kwa mama mwenye watoto wachanga au anayemuuguza mzazi wake, kuuza akiwa nyumbani ndiyo njia pekee iliyo wazi.

Kwa hiyo tusichanganye mambo. Tunaloliuliza ni namna mnunuzi anavyopatikana. Mwanamke kuuza, na kuuza akiwa nyumbani, ni haki yake. Wale wanaolitaja jina la Bi Khadija kila wanapowaita wanawake wenzao kujiunga na kampuni za kuuza majumbani, wakumbuke kuwa mama yule alipeleka bidhaa sokoni, mahali ambapo mnunuzi alikuwa huru kupita na kwenda kwa muuzaji mwingine, na aliwakabidhi mali yake watu aliowajua kwa uaminifu.

Mtindo huu ulikotoka

Mauzo ya kualikana majumbani yalipata umaarufu mkubwa nchini Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Earl Tupper alikuwa ametengeneza vyombo vya plastiki vyenye vifuniko vinavyobana hewa, lakini madukani havikuuzika vizuri, kwa kuwa watu hawakujua namna ya kuvifunga. Mwanamke mmoja aitwaye Brownie Wise, aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, aligundua kuwa vyombo hivyo hununuliwa haraka mtu anapoonyeshwa matumizi yake akiwa amekaa na rafiki zake. Mwaka 1951 kampuni ya Tupperware iliviondoa vyombo vyake madukani na kuvitia vyote katika mikutano ya majumbani, chini ya usimamizi wa mama huyo. Mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la gazeti la Business Week.

Habari hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa mtindo huu una asili ya haki ndani yake: kuna bidhaa zinazohitaji kuonyeshwa, na mwanamke aliyekuwa hana mlango wa kazi alifunguliwa mlango. La pili ni la kutahadharisha. Mwaka 1958 Brownie Wise aliachishwa kazi, naye hakuwa na hisa hata moja katika kampuni aliyoikuza kwa jasho lake. Na kampuni yenyewe, baada ya miaka mingi ya utajiri, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mnamo Septemba 2024.

Ukitazama kwa makini utaona ni nini hasa kilichouza vyombo vile. Sehemu moja ilikuwa kifuniko. Sehemu nyingine ilikuwa urafiki. Mgeni aliyekula na kunywa katika nyumba ya mwenziwe huona uzito kuondoka mikono mitupu, na hasa akijua kuwa zawadi ya mwenyeji inategemea karatasi ile. Huko Marekani uzito huo una nguvu. Sembuse kwetu sisi, ambao mgeni na mwenyeji hufungwa na heshima, udugu, ujirani, na pengine ndoa baina ya watoto wao.

Haya si ridhaa

Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kula mali zao wao kwa wao kwa njia ya batili, akaivua biashara inayofanywa kwa kuridhiana. Naye Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kuwa mali ya Mwislamu si halali kwa mwenziwe ila kwa moyo wake kuwa radhi. Tuangalie vizuri: kilichotajwa ni moyo. Mkono unaweza kutoa fedha na ulimi ukasema "nimekubali", hali moyo umekunjana.

Maulamaa walilifikiria jambo hili zamani. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, ameeleza katika kitabu chake Ihyaa Ulumuddin kuwa mtu anayeombwa mbele za watu akatoa kwa kuona haya, hali yake haina tofauti kubwa na ya aliyenyang'anywa. Mmoja amepigwa nje, na mwingine amepigwa ndani ya moyo. Na Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake ni tegemeo katika madhehebu yetu ya Kishafii, ameinukuu kauli ya al-Ghazali kuwa kitu kilichochukuliwa kwa mtu kwa njia ya kumtia haya, pasi na ridhaa yake, aliyekichukua hakimiliki.

Maneno hayo yalisemwa zaidi kuhusu kuomba na kupewa. Hatuthubutu kuyageuza yawe fatwa kuwa kila kilichonunuliwa katika mikutano ya majumbani ni haramu; hukumu hiyo ni ya maulamaa, na kila kisa kina sura yake. Lakini maana iliyomo haifichikani: haya ya mtu isifanywe chombo cha kumtolea fedha mfukoni.

Kwetu sisi uso umeumbwa na haya. Mtume (S.A.W.) ameifundisha haya kuwa ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Mama aliyelelewa vyema hawezi kusema mbele ya watu ishirini kuwa hana fedha. Hawezi kumwambia wifi yake, au mama mkwe wa bintiye, kuwa sufuria zile ni ghali. Ataandika jina lake, kisha atarudi nyumbani akipiga hesabu njiani. Muuzaji anayelijua hilo na akalijengea biashara yake, anafanya biashara kwa tawi la imani ya mwenziwe.

Tupige mfano. Mama amewekewa Sh500 kila siku za soko na matumizi ya nyumba. Katika mkutano kama huo ameandika seti ya vyombo ya Sh4,500. Hizo ni siku 9 za chakula cha watoto. Ikiwa fedha zile ni za mume, alizomkabidhi kwa ajili ya nyumba, basi ametumia amana kwa jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakulitaka. Ikiwa ni zake, amejidhulumu nafsi yake. Na ikiwa amekopa ili alipe kidogo kidogo, ameingia katika deni kwa sababu ya kikombe cha chai.

Deni hilo halikai peke yake. Mwezi wa pili muuzaji atapiga simu. Mwezi wa tatu mdaiwa ataanza kuchelea kukutana naye kwenye harusi na matanga. Mara nyingine huyo muuzaji ni shangazi au binamu, na kinachokatika hapo ni udugu ambao tumeamrishwa kuuunga. Ndiyo maana twasema kuwa hasara ya biashara hii haiandikwi yote kwenye daftari la mauzo.

Bei, sifa na ukimya

Mtu anaponunua sokoni Marikiti au katika maduka ya Biashara Street mjini Mombasa, ana kinga moja kubwa: anaweza kuvuka barabara akaulizia bei kwa mwingine. Sebuleni hakuna barabara ya kuvuka. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kuitokea misafara njiani kabla haijafika mjini, kwa kuwa wenye bidhaa walikuwa bado hawajaijua bei ya soko. Makatazo hayo yalikuwa ni kumlinda muuzaji mgeni. Lakini hekima yake yamfaa pia mnunuzi aliyetengwa na soko, akaonyeshwa bei moja na mdomo mmoja.

Pia tukumbuke kuwa zawadi ya mwenye nyumba haishuki kutoka mbinguni. Imo ndani ya bei. Kamisheni ya muuzaji imo ndani ya bei, na kamisheni ya aliyemwingiza muuzaji imo vilevile. Mnunuzi ndiye anayewalipa wote. Ujira wa dalali ni halali kwa kazi iliyo wazi na malipo yanayojulikana. Lakini pale mwenyeji anapokaa kati ya wageni wake na kusifu, "mimi navitumia mwaka wa pili huu, havina mfano," bila ya kuwaambia kuwa kila kitakachonunuliwa chamwongezea yeye zawadi, hapo ushahidi wake umeingia doa. Wageni wanayapokea maneno yake kama nasaha ya rafiki, hali ni maneno ya mwenye fungu katika mauzo.

Sote twaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikagusa unyevu. Mwenye nafaka alisema kuwa zimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuziweka zilizolowa juu ili watu wazione, na akaonya vikali juu ya mwenye kuhadaa. Mtu yule hakuwa amesema uongo. Alikuwa amenyamaza tu na kupanga lundo lake vizuri. Ukimya wa mwenyeji juu ya zawadi yake, na ukimya wa muuzaji juu ya kasoro ya chombo au gharama za usafirishaji, ni wa jinsi hiyo hiyo.

Hatari kubwa zaidi imo katika bidhaa za afya. Mwenye kuuza sufuria akizidisha sifa, hasara ni fedha. Mwenye kuuza vidonge akisema vyaponya kisukari, presha au tatizo la uzazi, hasara yaweza kuwa uhai. Mgonjwa wa kisukari akiacha dawa za hospitali kwa sababu jirani yake amemhakikishia kuwa chai fulani yatosha, atakayebeba dhima ni nani? Nchini mwetu dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na alama ya ubora wa bidhaa hutolewa na KEBS. Muuzaji anayeulizwa juu ya usajili na kujibu kwa hadithi za watu waliopona, amekwisha kujibu.

Mama kuitwa awe "kiongozi"

Katika mikutano mingi ya aina hii, baada ya karatasi ya bidhaa huja maneno mengine: "Kwa nini uwe mnunuzi tu? Jiunge, nawe uwaingize wenzako, upate fungu katika mauzo yao." Hapa tunatoka katika biashara ya vyombo na kuingia katika biashara ya watu.

Tutumie hesabu badala ya hamasa. Tuseme kila mmoja ameingiza watu 6, na kila mmoja katika hao ameingiza 6 wengine. Ngazi ya kwanza ina watu 6, ya pili 36, ya tatu 216, ya nne 1,296, ya tano 7,776, ya sita 46,656, na ya saba 279,936. Ngazi ya nane yahitaji watu 1,679,616. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakaazi wote wa Kaunti ya Mombasa, pamoja na wanaonyonya, kuwa 1,208,333. Kwa hiyo kabla ya ngazi ya nane kutimia, kaunti nzima imekwisha. Na popote ngazi itakaposimama, takriban watu 5 katika kila 6 watakuwa ni wa ngazi ya mwisho, wasio na wa kumwingiza chini yao. Aliyewaahidi wote kuwa watapanda aliwaahidi jambo lisilowezekana, hata ikiwa mwenyewe hakuijua hesabu.

Wakenya hawajasahau miaka ya 2006 na 2007, miradi ya piramidi ilipoporomoka na kuzama na akiba za watu. Hatusemi kuwa kila kampuni ya kuuza majumbani ni piramidi. Tofauti imo katika swali moja: fedha zinatoka wapi? Zikitoka kwa watu wa nje wanaonunua bidhaa kwa sababu wanaihitaji, hiyo ni biashara. Zikitoka kwa ada za kujiunga na bidhaa ambazo wanachama wenyewe hulazimika kununua kila mwezi ili wasipoteze daraja, basi bidhaa ni pazia tu. Marekani, katika kesi ya mwaka 1979 iliyoihusu kampuni ya Amway, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliona kuwa mfumo wake haukuwa piramidi, na ilizingatia kanuni zake, zikiwemo wakala kuuza angalau asilimia 70 ya bidhaa alizonunua katika mwezi ili apate bonasi, kuwa na wateja 10 wa rejareja kwa mwezi, na bidhaa zisizouzika kurudishwa. Mama anayeshawishiwa kujiunga anaweza kuyauliza hayo hayo.

Wanazuoni nao wamelitazama jambo hili kwa mitazamo tofauti. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia ilitoa fatwa mwaka 1425 wa Hijria (2004) ya kukataza uuzaji wa ngazi kwa ngazi, ikataja riba, gharari na kula mali kwa batili. Baraza la Maulamaa la Indonesia, katika fatwa namba 75 ya mwaka 2009, liliruhusu kwa masharti 12, miongoni mwake kuwa bidhaa iwe ya kweli, bei isipandishwe kupita kiasi, na malipo yatokane na kazi halisi ya mtu. Ukizisoma pamoja utaona kuwa hata walioruhusu wameyafunga matundu yale yale yaliyowatia hofu waliokataza.

Haki ya kughairi

Kuna mlango wa rehema katika fikihi ya biashara ambao wengi wetu hatuutumii. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alifundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajatengana, na kuwa wakisema kweli na kubainisha, mauzo yao hubarikiwa. Madhehebu yetu ya Kishafii yameichukua hadithi hii kwa dhahiri yake: mpaka watu waondoke katika majlisi, kila mmoja aweza kughairi. Kwa hiyo mgeni aliyeandika jina, kisha akafikiri kabla hajatoka, ana haki ya kusema kuwa amebadilisha nia. Hakuna anayemdhulumu, na asilaumiwe.

Zaidi ya hayo, mnunuzi aweza kushurutisha hiari ya siku zisizozidi 3. Sahaba Habban bin Munqidh alikuwa akihadaiwa mno katika manunuzi. Mtume hakumzuilia soko. Alimfundisha ashurutishe kila anaponunua kuwa pasiwe na hadaa, na akapewa siku 3 za kushika au kurudisha. Ajabu ni kuwa Marekani, zaidi ya karne 13 baadaye, kanuni yao ya mauzo ya majumbani iliweka siku 3 za kazi za kughairi, kwa kutambua kuwa mtu aliyeuziwa nyumbani hayuko huru kama aliyekwenda dukani kwa miguu yake. Kenya nayo, katika Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, imeyatambua mapatano yanayofungwa nje ya mahali pa biashara na kumpa mnunuzi nafasi ya kuyavunja.

Yatakayotusaidia

Kwa dada zetu wanaouza, tunawanasihi mwaliko useme kweli. Andika wazi kuwa kutakuwa na bidhaa za kuuzwa, ili asiyetaka asije, na anayekuja ajue alijialo. Taja bei ya kila kitu mapema. Usipitishe karatasi hadharani; waachie wageni namba yako, na anayetaka atakuandikia kesho akiwa kwake. Ukifanya hivyo mauzo yatapungua kwa siku ile, na huko kupungua ndiko kutakakokuonyesha ni kiasi gani cha mauzo ya awali kilikuwa haya. Kitakachobaki ni chumo safi. Toa hiari ya siku 3 kwa hiari yako, na uandike risiti. Ukikopesha, andikeni deni kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, na mdaiwa akizidiwa mpe muda kama ilivyoelekezwa katika aya ya 280. Mali bila ya daftari huisha bila ya habari, na udugu vilevile.

Kwa mama wanaofungua nyumba zao, semeni mbele ya wageni kuwa mtapata zawadi. Sentensi moja yatosha. Na msihesabu nani amenunua na nani hakununua, wala msimsimulie mtu baadaye. Mgeni ni amana tangu anapovua viatu mlangoni mpaka anapovivaa.

Kwa wanaoalikwa, jizoezeni neno "nitashauriana nyumbani". Ni neno la heshima, na kila mtu wa kwetu analielewa. Wakubwa wana wajibu wa ziada hapa: bibi au shangazi akitangulia kusema kwa sauti kwamba leo amekuja kuwaona watu na hatanunua kitu, amewafungulia njia mabinti na wakaza wana waliokuwa wamefungwa midomo. Huo ni ukarimu mkubwa kuliko kununua seti nzima.

Na waume wasiyachukue maneno haya kuwa fimbo ya kuwazuia wake zao kuuza au kununua. Wengi wa wanaume hao hao huingizwa katika miradi ya ngazi kupitia kazini na barazani, na hukosa ujasiri wa kusema hapana kwa rafiki kuliko wake zao.

Tukitaka kujua kama biashara yetu ina ridhaa, tumwangalie mgeni ambaye hakununua. Je, ameondoka akiwa mchangamfu kama alivyoingia? Je, tukimwalika tena atakuja? Mwenyezi Mungu atutakasie chumo letu, atukinaishe kwa halali yake, na azidumishe nyumba zetu kuwa mahali ambapo mtu huja kwa mapenzi na kutoka kwa salama. Amin.